Sarakasi za Jumamosi Kati ya Nyali na Bamburi: Vijana Hodari, Wanyama Wasiostahili Kuwapo Pale

Onyesho la sarakasi linalofanyika Jumamosi usiku katika uwanja mmoja wa burudani kati ya Nyali na Bamburi limesifiwa sana na wenye familia hapa Mombasa, na sehemu kubwa ya sifa hizo linastahiki. Kiingilio ni shilingi 1,200 kwa mtu mzima na 600 kwa mtoto, bei ambayo si haba kwa mzazi mwenye watoto wanne, ingawa kwa yale yanayoonyeshwa katika saa ya kwanza hakuna atakayejuta. Waandaaji sitawataja, kwa kuwa kasoro ninayotaka kuieleza si yao peke yao, na mpangilio wao unaweza kuukuta kwingine pia: vijana wa sarakasi kwanza, kisha mapumziko, kisha wanyama. Tathmini yangu ni kwamba nusu ya kwanza ni miongoni mwa burudani bora za usiku katika mji huu, na kwamba nusu ya pili haifai kulipiwa hata shilingi moja. Si kwamba imeandaliwa vibaya. Tatizo ni kile chenyewe kinachouzwa ndani yake.

Kuhusu mahali penyewe sina mengi. Viti ni vya plastiki, vimepangwa nusu duara mbele ya jukwaa la mbao lililotandikwa magodoro ya mazoezi, upepo wa bahari unafika vizuri, na vyoo ni safi kuliko ilivyo kawaida ya viwanja vya namna hii. Wauzaji wa mishkaki, viazi karai na mihogo ya kukaanga wamewekwa nje ya lango, jambo linalomlazimu mtu kutoka na kuonyesha tiketi upya kila anapotaka kitu cha kutafuna. Ukwaju wao ni mzuri. Kipaza sauti, kwa upande mwingine, kimefunguliwa kupita kiasi, na mshereheshaji anakitumia kana kwamba watazamaji wake wako Likoni, ng'ambo ya feri.

Vijana ni tisa, na wanafanya yale ambayo wanasarakasi wa Kenya wamejijengea jina kwayo katika kumbi za Ulaya na kwingineko: kuruka ndani ya pete zilizopandishwa moja juu ya nyingine, kurushiana kofia kwa kasi isiyofuatika kwa macho, kupita chini ya upau unaowaka moto huku mgongo umekaribia kugusa sakafu, kupanga viti hadi mmoja wao anasimama kwa mikono juu kabisa, na hatimaye ile piramidi ya watu ambayo watoto huisubiri kwa hamu. Hakuna kiini macho hapo. Anayekaa safu za mbele anazisikia pumzi zao na kuiona misuli ya mapaja ikitetemeka kwa uzito. Ni katika piramidi hiyo nililiona jambo ambalo limenisaidia kulipima onyesho zima. Kijana aliyesimama chini kabisa, ambaye kazi yake ni kubeba wenzake na ambaye kwa kawaida hapigiwi makofi na mtu, alikuwa na bendeji begani. Wenzake walipokwisha kupanda safu ya pili, na mdogo wao akijiandaa kukwea kileleni, yule wa chini akatikisa kichwa. Ngoma ikanyamaza, wote wakashuka mmoja mmoja, yeye akainyoosha mikono, akahamisha mguu wa kulia nyuma kidogo, akasema neno kwa mwenzake, kisha wakaanza upya. Safari hii piramidi ilisimama, na makofi yalikuwa makubwa kuliko ambavyo yangekuwa mara ya kwanza. Mshereheshaji alijaribu kuligeuza tukio hilo kuwa mzaha, lakini watazamaji waliona wenyewe kwamba kijana amekataa, na kwamba kukataa kwake kumeheshimiwa papo hapo na watu wanane wanaotegemea mabega yake kwa riziki.

Baada ya mapumziko aliletwa tumbili. Alikuwa amevikwa fulana ya mpira na kaptura, kamba nyembamba ikitoka kwenye ukosi wa ngozi shingoni mwake hadi kiganjani mwa bwana aliyemleta. Aliendesha baiskeli ndogo, akapiga saluti, akajifanya mlevi anayepepesuka na chupa, akaanguka chali. Watu walicheka sana, hasa kwa ulevi. Nilikuwa nimekaa upande wa jukwaa, mahali ambapo niliweza kumwona uso, na nilichokiona ni kwamba hakuwatazama watazamaji hata mara moja. Kabla ya kila kitendo macho yake yalikwenda kwenye mkono wa kushoto wa bwana wake, ulioshika kijiti kifupi, yakakaa hapo, kisha ndipo akatenda. Kijiti hakikumgusa usiku ule. Waliokuwa karibu nami waliona kuwa huo ni ushahidi wa upole, lakini mimi sikuweza kulielewa hivyo, kwa sababu mnyama hazaliwi akiogopa kijiti, na kama kinamtisha bila kumgusa, basi somo lilikwisha kutolewa zamani, mahali ambapo hapauzwi tiketi.

Mambo mawili zaidi kuhusu tumbili huyo, kwani ndiyo yaliyopita bila kuonwa na wengi. La kwanza ni meno. Mshereheshaji alituambia mara kadhaa kwamba anacheka, nasi tukamwitikia kwa kicheko. Tumbili akivuta midomo nyuma na kufunua meno yote kwa namna ile hachekeshwi na chochote. Kwake yeye na kwa jamaa zake wengi hiyo ni ishara ya hofu, ambayo mnyonge humwonyesha mwenye nguvu ili asidhurike. Anayetaka kuhakikisha anaweza kuwatazama tumbili wa huru wanaoruka juu ya mapaa ya Nyali wakiiba ndizi madirishani, aone wakati dume mkubwa anapomkaribia mdogo. La pili lilitokea katika mzunguko wa mwisho wa baiskeli. Alipofika nusu ya jukwaa alishuka, akaiacha ianguke, akaketi chini na kuanza kujikuna chini ya ukosi, mahali ambapo manyoya yalikuwa yamelika hadi ngozi ya kijivu ikaonekana. Msichana mdogo aliyekaa mbele yangu aliuliza kwa sauti, "Ami, amechoka?" Yule bwana alitabasamu, akamjibu, "La, mwanangu, anadeka tu." Kamba ikavutwa. Tumbili akapanda baiskeli, akamaliza mzunguko.

Kijana mwenye bendeji na tumbili mwenye ukosi walikuwa kwenye jukwaa moja, usiku mmoja, mbele ya watazamaji walewale, na wote wawili walisema hapana. Tofauti ya yaliyowapata baada ya hapo ndiyo hoja yangu yote. Siwezi kusema kwamba maisha ya wanasarakasi ni mepesi, kwani wapo wanaolipwa kidogo, wanaoumia bila bima, na wanaoendelea kwa sababu hawana kazi nyingine, na hayo yanastahili makala yake. Hata hivyo mwanasarakasi anakijua anachokifanya na anajua kwa nini anakifanya, anazipokea sifa zake, na siku akichoka anaweza kwenda zake. Ustadi tunaoushangilia ni wake. Kwa tumbili, tunachoshangilia ni utiifu wake, na utiifu huo haukupatikana kwa kumweleza faida za sanaa.

Sehemu ya chatu ilikuwa fupi, na nitaieleza kwa ufupi. Nyoka alitolewa kwenye kasha la plastiki la aina inayotumiwa na wauza samaki kuhifadhia barafu, akapitishwa shingoni mwa kila aliyelipa shilingi 300 kwa picha, nao walikuwa wengi. Utulivu wake ulisifiwa kuwa ni mazoea ya watu. Joto la mwili wa nyoka hutegemea joto la mahali alipo, na akipozwa hulegea, awe amezoea watu au hakuzoea. Tena hana kope, kwa hiyo hawezi kufumba macho hata akitaka, na uso wake hauonyeshi maumivu wala woga kwa namna ambayo sisi tunaweza kuisoma. Mnyama asiyeweza kulalamika ndiye anayefaa zaidi kwa biashara ya picha. Ngamia aliyefuata, aliyepiga magoti na kuinamisha kichwa kwa amri, alinisumbua kidogo zaidi kuliko nilivyotazamia nilipoliona tangazo, kwa sababu ngamia ni mfugo, amezaliwa kati ya watu, na kupiga magoti ili apandwe ni kazi yake kila siku pale ufukweni. Alikuwa na afya. Kelele ya kile kipaza sauti ndiyo iliyomfanya atikisetikise kichwa, na ingekuwa vyema apunguziwe.

Waandaaji, nilipozungumza nao baada ya onyesho, walinijibu kwa adabu kwamba sarakasi bila wanyama si sarakasi. Kihistoria wana hoja. Philip Astley, yule askari mstaafu wa kikosi cha farasi anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa sarakasi za kisasa, alianza mwaka 1768 mjini London kwa maonyesho ya farasi, na duara la jukwaa la sarakasi hadi leo lina kipenyo cha takriban mita 13 kwa sababu ndicho kinachomfaa farasi anayekwenda mbio huku mtu amesimama mgongoni mwake. Wanasarakasi wa viungo waliongezwa ili watu wasichoke kati ya farasi mmoja na mwingine. Kisha wakaja simba, chui na ndovu, wengi wao wakitolewa katika bara letu na Asia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwani farasi alikuwa na karne nyingi za kufugwa na binadamu, ilhali hao ni wanyama wa porini.

Ndovu mmoja anatosha kwa mfano. Tyke alikuwa jike aliyetolewa Msumbiji akiwa mdogo na kupelekwa Marekani kufanya sarakasi. Mwaka 1993 alitoroka mara mbili mbele ya watazamaji, na mara zote mbili akarudishwa kazini. Tarehe 20 Agosti 1994, katika onyesho mjini Honolulu, alimuua mkufunzi wake, akatoka hadi barabarani, na polisi wakampiga risasi zaidi ya 80 kabla hajafa. Watu huitaja habari hii kama ajali, lakini mimi nikiisoma naona kwamba mnyama huyo alikataa mara mbili kwa njia aliyoijua, hakusikilizwa, na mara ya tatu akaua mtu na kuuawa. Sisi wa Mombasa tuna bahati ya kumjua ndovu kwa sura nyingine: anayepanda Shimba Hills huko Kwale, mwendo mfupi baada ya kuvuka feri, anaweza kuwaona wakitembea na watoto wao katikati ya kundi, wakila na kusonga mbele kutwa nzima. Mnyama wa mwendo wa aina hiyo ndiye aliyekuwa akifungwa mnyororo mguuni kati ya onyesho na onyesho.

Nchi kadhaa zimekwisha kuamua. Bolivia ilipiga marufuku wanyama wote katika sarakasi mwaka 2009, wa porini na wa kufugwa. Denmark mwaka 2019 ilifanya jambo la kiungwana ambalo mara nyingi husahauliwa: serikali iliwanunua ndovu wanne wa mwisho waliobaki katika sarakasi za nchi hiyo kwa kroner milioni 11, ili wamiliki wasifilisike na ndovu wastaafu. Hapa kwetu, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kuwa ni kosa kumpiga mnyama kikatili, kumtesa, kumchosha kupita kiasi au kumtia hofu, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kuweka mnyama wa porini bila kibali. Tumbili ni mnyama wa porini, na chatu vilevile. Nilipouliza kuhusu kibali nilijibiwa kwamba kila kitu kiko sawa, jibu ambalo mkazi yeyote wa mji huu analijua uzito wake.

Hofu ya waandaaji kwamba watazamaji watapungua si ya kubuni, na haifai kudharauliwa. Kampuni ya Ringling Bros. and Barnum & Bailey ya Marekani iliwaondoa ndovu wake mwaka 2016, mauzo ya tiketi yakaanguka kuliko ilivyotarajia, na mwaka uliofuata ikafunga hema baada ya miaka 146. Iliporudi mwaka 2023 ilirudi bila mnyama hata mmoja. Kwa upande mwingine, Cirque du Soleil ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1984, ilijenga jina lake kwa miili na ubunifu wa watu tangu mwanzo. Nadhani funzo la kibiashara hapo ni kwamba aliyewazoesha watu kuja kumwona ndovu atawakosa siku ndovu asipokuwapo, na aliyewazoesha kuja kuwaona binadamu hatapata shida hiyo. Onyesho letu la Jumamosi bado ni changa. Tayari lina vijana wanaoweza kulibeba, na kwa hesabu ya makofi niliyoyasikia, piramidi ilimshinda tumbili kwa mbali.

Pingamizi nililokutana nalo zaidi, nilipoyazungumza haya barazani, si la kibiashara. Watu waliniuliza: wewe hukuchinja Idi? Unakula nyama ya ng'ombe, mbuzi na kuku, kisha unamlilia tumbili anayepanda baiskeli? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba kuchinja kwetu kuna adabu zake ambazo kila mtoto wa madrasa amefunzwa: kisu kinolewe vizuri, kisinolewe mbele ya mnyama, na mnyama asichinjwe huku mwenzake akimtazama. Adabu hizo zote zinakiri jambo moja, kwamba mnyama anaumia na anaogopa, na kwamba haja yetu ya chakula haituruhusu kumwongezea hata chembe ya hofu isiyo na lazima. Habari ya ngamia aliyemwona Mtume na kutokwa na machozi, mwenye ngamia akaulizwa kama hamchi Mungu kwa mnyama aliyemilikishwa, tumeisikia sote. Yule alikuwa ngamia wa kazi, mwenye faida ya dhahiri kwa mwenyewe, na bado lalamiko lake lilisikilizwa. Kicheko cha dakika kumi kwa mnyama anayejifanya mlevi sijui kitawekwa fungu gani la haja.

Riziki ya yule bwana ni suala jingine, na hili silipuuzi. Ana familia, na tumbili ndiye mtaji wake. India walilikabili jambo hilohilo kwa wenye dubu wa kucheza barabarani, kazi iliyorithiwa katika jamii ya Kalandar kwa vizazi vingi; waliotoa dubu wao walipewa mtaji wa kuanza kazi nyingine, na dubu wa mwisho akatolewa mwaka 2009. Bwana wetu ana sauti nzuri, anajua kuchekesha bila kutukana, na alipokuwa akiyasimamia mapumziko peke yake, tumbili akiwa ndani, watu walimcheka yeye kwa furaha tele. Angemrithi mshereheshaji wa sasa, na kipaza sauti kikapunguzwa, ningekuwa wa kwanza kununua tiketi.

Wazazi wanaotaka watoto wao wawaone wanyama hawana haja ya kungoja Jumamosi usiku. Haller Park iko hapo hapo Bamburi, msitu wa mivinje ulioanza kuoteshwa mwaka 1971 juu ya machimbo yaliyoachwa na kiwanda cha saruji. Pale twiga huja kula mikononi mwa wageni, na akishiba au akichoshwa na kelele huondoka, hakuna anayemvuta. Ni hapo pia alipoishi Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, ambaye alijiambatanisha na Mzee, kobe mkubwa wa aina ya Aldabra aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130. Wageni walitoka nchi za mbali kuja kuwatazama wawili hao wakilala na kuogelea pamoja, na hakuna aliyewafunza lolote.

Kwa nyota, basi: wanasarakasi wapate tano, chakula cha nje nne, sauti mbili, na wanyama wasipewe hata moja. Niliwaomba waandaaji wauze tiketi ya nusu ya kwanza peke yake, hata kwa bei ileile, ili waweze kuhesabu wenyewe ni wangapi wanaokuja kwa ajili ya nini, na wakaahidi kulifikiria. Kwa sasa, onyesho linaanza saa mbili usiku na mapumziko ni kama saa tatu na nusu. Anayetoka wakati huo anapata tuktuk langoni bila kugombania, na wanaorudi kusini wanaiwahi feri kabla ya msongamano wa watu wa mwisho.